Mchele Juu ya Sabufa

Mdogo wangu Isihaka anauza deki, sabufa na homu thieta pale Same, karibu na stendi, na ukitaka kumwudhi mwite muuzaji. Atakutazama kama umemtukania mama yake, ambaye ni mama yangu pia. Yeye, kwa maelezo yake, ni mshauri wa picha na sauti. Neno mshauri kaliandika ukutani kwa rangi nyekundu, na chini yake kachora spika inayofanana na jiko la mkaa. Ushauri wenyewe anautoa kwa kelele, tangu asubuhi ninapofunua cherehani yangu hadi jioni ninapoifunika. Banda langu la ushonaji limepakana na duka lake, katikati yetu ukuta wa mbao tu. Kwa hiyo ninayosimulia hapa sikuhadithiwa na mtu. Nimeyasikia kwa masikio yangu haya, au kwa kilichosalia humo baada ya kelele zake.

Tulizaliwa Lembeni, tumbo moja. Marehemu baba aliuza chumvi na mafuta ya taa, akawa mtu wa maneno machache kiasi kwamba wateja walikuwa wanachukua bidhaa na kuondoka wakidhani wamemkera. Domo la Isihaka limetoka wapi, hakuna anayejua. Shule aliimaliza kwa kubahatisha, akaenda Dar es Salaam kukaa kwa fundi redio mmoja, na huko akajifunza kulehemu kidogo na kusema sana. Fundi alipomchoka, bwana mkubwa akarudi nyumbani na spika moja iliyopasuka pamoja na cheo alichojipa mwenyewe njiani. Akasema aitwe Profesa.

Na watu wakamwita! Hilo ndilo linaloniuma. Hawa hawa watu wa kwetu, ambao ukiwauzia debe la maharage wanalipima upya nyumbani, na likipungua kiganja wanakupeleka kwa mtendaji wa kata, mbele ya Isihaka walilainika kama ndizi mbivu. Mtu anaingia dukani na akili zake timamu, anatoka amebeba boksi kubwa kuliko kitanda chake, halafu anakuja kwangu kuniuliza kama nina kitambaa cha kulifunika lisiingie vumbi.

Siri yake ni mchele. Isihaka ana sinia la bati ambalo humwagia viganja viwili vya mchele wa Ndungu, kule bondeni wanakolima mpunga, akaliweka juu ya sabufa na kufungulia besi. Mchele ukitetemeka tu, anasema mashine hiyo ni ya kusikilizia taarifa ya habari. Ukirukaruka, ni ya familia. Ukimwagika sakafuni, hapo anazima, ananyamaza kidogo ili mteja apate nafasi ya kushangaa, kisha anasema, "Hiyo sasa ndiyo sauti." Anasisitiza lazima uwe wa Ndungu, ati ule wa dukani ni mwepesi na unadanganya. Wanaume wazima wenye watoto sekondari wanainama juu ya sinia lile na kulikodolea macho. Sijamsikia hata mmoja akiuliza kama maneno ya mwimbaji yanasikika.

Kwa upande wa picha anatumia jasho. Ana kipande cha mpira wa miguu ambacho huwa anakisimamisha pale mchezaji anapokaribia kamera, kisha anamwita mteja atazame paji la uso. Ukiliona jasho tone kwa tone, picha ni kali. Ukiliona kama mafuta tu, picha ni ya kizamani. Nilimwambia siku moja kwamba kama jasho ndilo kipimo, aje akae mchana mmoja kwenye banda langu lenye bati, ataona picha ya bure. Akanijibu kwamba mimi ni mtu wa vitambaa na haya mambo yamenipita.

Lakini ujanja wake mbaya zaidi ni huu. Anapolinganisha mashine mbili, ya bei nafuu anaiwekea sidii ya mteja, ile iliyokwaruzwa na kuchezewa na watoto. Ya bei kubwa anaiwekea sidii yake mwenyewe, ambayo anaihifadhi ndani ya soksi safi na haigusi mtu mwingine. Basi ya kwanza inakohoa, ya pili inanguruma, mteja anatikisa kichwa na biashara imekwisha. Mtoto wa darasa la pili angeuliza kwa nini sidii si moja. Wateja wa Profesa hawaulizi.

Sasa, mama Beatha wa Myamba, kule juu milimani, ni mteja wangu wa siku nyingi; Beatha ni jina lake mwenyewe, si la mtoto. Yeye ndiye anayeteremka kuleta oda ya majoho ya kwaya ya usharika wao wa Kilutheri, na kila akija ananiletea tangawizi kutoka shambani kwake hata nikimkatalia. Mumewe, mzee Eliamini, alikuwa mwalimu wa kwaya ile na mwimbishaji wake tangu nikiwa msichana. Alifariki mwaka jana. Mwaka ulikuwa unatimia, kaburi limeshajengewa, na ukoo mzima ulikuwa unakusanyika nyumbani kwake kwa ibada ya kumbukumbu. Kwaya iliwahi kurekodi sidii ya nyimbo zenye picha, mzee akiwa katikati anaongoza, na nakala iliyosalimika ilikuwa moja, aliyoihifadhi mama mwenyewe ndani ya Biblia. Deki yao ya zamani ilikuwa imekufa kabla ya mzee.

"Nataka wamsikie mara moja tena," aliniambia akiwa ameketi kwenye kiti changu cha wateja. "Na mimi nimsikie. Tangu tumzike sijamsikia."

Hakuhitaji kitu kingine. Kwa haja hiyo, deki ndogo na televisheni ya kawaida vingetosha kabisa. Ila mama alikuwa amekuja na mwanawe wa pekee, Anderson, ambaye anafanya kazi katika ofisi fulani Dar, anavaa suruali ya kubana na anaongea na simu hata mtu anapomsalimia. Anderson alisikia ngurumo kutoka kwa jirani yangu, akasema, "Mama, twende pale, pale ndipo penye vitu."

"Shikamoo mama, karibu sana kwa Profesa," nilimsikia Isihaka akiimba.

"Marahaba, mwanangu. Natafuta cha kumsikilizia mzee wangu."

Nikaacha kushona, nikatoka nikasimama mlangoni pao. Isihaka aliichukua ile sidii ya kwaya akaiingiza, kama kawaida yake, kwenye kideki kidogo cha mezani. Kwaya ikaimba, kisha mzee Eliamini akaingia na ubeti wake. Nitasema kweli, sauti ya mzee yule ilikuwa ya mkwaruzo, na kwenye noti ya juu hakufika. Aliikaribia, akaiacha, akateremka kwa njia yake mwenyewe, na kwaya ikamngoja huko chini kana kwamba ndivyo wimbo ulivyotungwa. Mama Beatha alicheka akafunika mdomo kwa upande wa khanga, na machozi yakawa yanamtoka. Anderson alikuwa anatazama simu yake.

"Sasa linganisheni," akasema Isihaka, akavua soksi kwenye sidii yake na kuiingiza kwenye homu thieta kubwa. Helikopta zikaruka ndani ya duka, majumba yakaanguka, mchele ukamwagika hadi kwenye viatu vya mama. Madereva wa bodaboda waliojaa mlangoni wakapiga makofi kama wao ndio walioiunda. Anderson akauliza ile nyingine wanaiuza ya nini, kama hii ipo.

Mama alingoja kelele zitulie. "Na Baba Anderson atasikika humo?"

"Mama, humo atasikika mpaka Ndungu!"

Akaridhika, akavuka barabara kwenda kununua dagaa. Nikarudi kwenye cherehani yangu. Hapo ndipo nilipomsikia Anderson kupitia mbao zile, ameshusha sauti kama mtu anayeagiza kitu cha aibu.

"Kaka, ile sauti ya mzee, hakuna namna ya kuipunguza? Siku ile nitakuwa na wakwe zangu kutoka Dar, na bosi wangu anaweza kuja. Umeisikia mwenyewe ilivyo."

"Ipo, bosi," akasema Isihaka, tena kwa furaha. "Hii ina karaoke. Kuna kitufe ukibonyeza, mwimbaji wa katikati anatoka. Vyombo vinabaki, kwaya inabaki kwa mbali, besi inabaki yote."

"Anatoka kabisa?"

"Kabisa. Safi, utadhani hajawahi kuwepo."

"Basi iweke hivyo. Na wewe ndiye uje kuiendesha."

Sindano ilinivunjikia kwenye kitambaa. Walipoondoka nikamwendea Isihaka na kumuuliza anamtoaje marehemu kwenye kumbukumbu yake mwenyewe. Akaniambia mteja ndiye mwenye mali, na kwamba kitaalamu sauti ile haifai kwa mashine ya kiwango kile. Kitaalamu! Mtu anayepima muziki kwa mchele. Nilifikiria kumwambia mama, nikaona nitakuwa nimemchongea mtoto wake wa pekee wiki hiyo hiyo ya kumbukumbu ya baba yake, nikakosa pa kuanzia. Nikabaki na hasira zangu, na majoho nikayamaliza nikiwa nayasukuma chini ya sindano kwa chuki.

Siku yenyewe tulipanda Myamba na gari la Anderson, mimi na furushi la majoho nyuma, Isihaka mbele amepakata sabufa kama mgonjwa. Juu kulikuwa na ukungu na baridi, watu wamejaa chini ya maturubai, masufuria ya makande yanachemka nyuma ya nyumba. Ibada ilikwenda vizuri, mchungaji alikuwa mfupi wa maneno, jambo ambalo lilimpa Isihaka nafasi ya kuwa mrefu. Alivaa suti. Aliwainua wazee kwenye viti vyao na kuwapanga upya, ati waliokaa pembeni hawataipata picha kwa usahihi. Aliweka spika tano, mbili kati yake nyuma kabisa karibu na migomba, akashika maiki na kuuliza kama kule mwisho wanamsikia, na watu waliokuwa wanalia dakika chache kabla wakalazimika kuitika kwamba wanamsikia. Kisha, Mungu wangu, akalitoa lile sinia. Alikuwa amekuja nalo. Mchungaji aliutazama mchele ule juu ya sabufa, sijui alidhani ni sadaka ya wapi.

Picha ilipowaka kwenye skrini kubwa aliyoileta, lazima niseme, watu walishangilia. Mzee Eliamini alisimama pale mkubwa kuliko alivyokuwa, na kila kitu chake kikaonekana, kola iliyopauka, mvi za masharubu, kifungo kimoja cha joho kilichoshonwa kwa uzi wa rangi nyingine. Mama Beatha aliwekwa mbele kabisa, katikati ya dada za marehemu. Wakwe wa Anderson walikuwa kwenye viti vya sofa vilivyotolewa ndani. Anderson alisimama nyuma yao, ameinamisha kichwa karibu na sikio la baba mkwe, anamweleza ukubwa wa skrini.

Wimbo ukaanza. Besi ikaja, mchele ukaruka, bati la jikoni likatetemeka. Kwaya ilisikika kama watu walioko ng'ambo ya bonde. Ubeti wa mzee ukafika, akafungua mdomo, na hakuna kilichotoka. Kinanda kikaendelea, ngoma ikaendelea, yeye anafungua na kufumba, mishipa ya shingo imemtoka, ameinua mkono kuwaongoza wenzake, kimya. Baba mkwe akatikisa kichwa na kusema, "Sauti safi sana hii." Wanakwaya waliokuwa wamesimama na majoho yangu mapya wakaanza kutazamana.

Mama Beatha alisogea mbele kwenye kiti. Akamngoja mumewe amalize mstari wa kwanza, akamngoja wa pili. Akageuka kumtafuta Isihaka.

"Mwanangu," akasema, "mbona Baba Anderson amenyamaza?"

Hakuisema kwa ukali, lakini watu wote waliisikia, kwa sababu Isihaka alikuwa amekwisha kusimamisha wimbo. Uso wa mzee ukabaki kwenye skrini, mdomo wazi. Mimi nilijua kitakachofuata. Namjua mdogo wangu. Angesema amemsafisha, angesema kitaalamu, angetumia maiki kumweleza mjane mbele ya ukoo mzima kwamba mumewe ndiye aliyekuwa anaharibu sauti. Nilianza kupenya katikati ya viti nikamnyang'anye ile maiki, na ikibidi nimzabe kofi, Mwislamu kwenye ibada ya Walutheri, liwalo na liwe.

Isihaka alimtazama Anderson. Anderson alikuwa anatazama viatu vyake. Isihaka akamtazama mama. Kisha akafanya kitu ambacho sijawahi kukiona kwake tangu akinyonya. Alikaa kimya bila kungojea mtu ashangae.

"Mama, nisamehe," akasema kwenye maiki, na spika zote tano zikatangaza. "Ni mimi. Mashine hii bado sijaijua vizuri. Nimebonyeza pabaya."

Watu waliangua kicheko. Walimfahamu wote, nusu yao walikuwa na mashine zake majumbani. "Profesa haijui mashine yake!" mtu mmoja akapaza sauti, mwingine akadakia kwamba ndiyo maana ya kwake inakoroma. Hata mchungaji alicheka. Isihaka, ambaye kwa neno dogo kuliko hayo huwa anagombana hadi dukani panafungwa, alisimama pale na suti yake akachekwa mpaka walipotosheka. Baba mkwe alimwuliza Anderson kwa nini alimchukua fundi asiyejua kazi, na Anderson, huyo msomi wetu, akajibu kwamba watu wa huku ndivyo walivyo.

Nimemdharau Isihaka maisha yangu yote, na sina mpango wa kuacha. Lakini sijui kama niliwahi kumdharau mtu kama nilivyomdharau yule kijana saa ile.

Isihaka aliinama, akabonyeza, akairudisha sidii mwanzo. Safari hii aliliondoa sinia la mchele. Mzee Eliamini akaingia na mkwaruzo wake wote, spika za migombani zikaupokea, na ni kweli huenda ulifika Ndungu. Alipoikaribia noti ya juu, kwaya yote iliyosimama pale ilivuta pumzi. Akaiacha. Akateremka kwa njia yake, na wale waliokuwa wamesimama wakamngoja chini na kumpokea wakiimba naye. Baba mkwe alikunja uso. Dada za marehemu wakalia kwa sauti. Na mama Beatha, mbele ya picha kali kiasi kile, alikuwa amefumba macho.

Habari ilifika Same kabla yetu. Kesho yake madereva wa bodaboda walikuwa wanapita dukani wakiuliza, "Profesa, hii unaijua, au nayo bado?" Mteja mmoja alirudisha homu thieta aliyoinunua wiki iliyotangulia, akitaka ikaguliwe na mtu mwingine. Lile neno mshauri ukutani mtu alilichora mstari kwa mkaa. Anderson alirudi Dar bila kupita, hakupiga hata simu. Na Isihaka hakumwambia mtu ukweli, akawa anaongeza besi tu. Nilimwuliza mara moja kwa nini amejitia ujinga mbele ya watu. Akaniambia, "Sasa dada, ulitaka nimwambie nini yule mama?" Akarudi kumwaga mchele wake, na mchana kutwa kichwa kiliniuma.

Mama Beatha alikuja baada ya mavuno kuniletea joho moja lililobana mabega. Alinipa tangawizi. Huko kwa jirani helikopta zilikuwa zinaruka, ikabidi tusogeze viti ndipo tusikilizane.

"Ndugu yako hajambo?"

"Hajambo, mama. Unamsikia mwenyewe."

"Mwambie namshukuru."

"Kwa mashine?"

"Kwa uongo wake." Alikuwa ananyoosha joho magotini, hanitazami. "Hakubonyeza pabaya yule."

Nikamwambia nikimfikishia salamu hizo atavimba kichwa na mtaa mzima hautakalika, kwa hiyo nitazikalia. Nikacheka peke yangu. Mama aliendelea kulinyoosha joho lile hadi mikunjo yote ikaisha.

"Anderson tangu akiwa mdogo, wageni wakija nyumbani, alikuwa anamwomba baba yake asiimbe," akasema. "Na baba yake alikuwa ananyamaza."